Lusewa: Taarifa za Afya ya Mwanamke Zisiishie Chumba cha Kujifungulia

Kwa mwanamke mkazi wa Lusewa, kata iliyo katika Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, ambayo kabla ya wilaya hiyo kuundwa mwaka 2002 ilihesabiwa ndani ya Songea, hati ya kwanza ya kitabibu inayoandikwa kwa jina lake akiwa mtu mzima huwa, mara nyingi, kadi ya kliniki ya wajawazito. Katika kadi hiyo muuguzi hujaza umri wa mimba, tarehe ya makadirio ya kujifungua, shinikizo la damu, wingi wa damu, majibu ya vipimo vya kaswende na virusi vya UKIMWI, chanjo ya pepopunda na dozi za dawa ya kukinga malaria, na humweleza mwenye kadi dalili zinazomtaka aende kituoni bila kusubiri tarehe ya miadi. Mtoto akizaliwa, kadi nyingine, ya mtoto, huchukua nafasi ya ile ya mama, na kuanzia siku hiyo mama huyo anaweza kuishi miaka 30 au 40 zaidi bila kukabidhiwa karatasi nyingine inayoueleza mwili wake mwenyewe.

Hali hiyo haikusababishwa na uzembe wa mtu mmoja, kwa kuwa imetokana na namna huduma zilivyopangwa tangu mwanzo: mwanamke huingia katika mfumo wa afya kwa mlango wa uzazi, na mlango huo ukishafungwa, maelezo nayo hukoma. Hoja ya makala haya ni kwamba taarifa kwa mgonjwa, yaani maelezo sahihi yaliyoandikwa, kuchorwa au kusemwa kwa lugha anayoielewa ili aweze kuamua na kutenda, ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba mwanamke wa Lusewa anastahili kuipata katika nyakati tatu za maisha yake, yaani wakati wa ujauzito, wakati wa maradhi ya kizazi, na wakati hedhi inapokoma. Wakati wa kwanza umeshughulikiwa kwa kiasi kikubwa na wa pili umeanza kushughulikiwa, lakini wa tatu bado ni ukurasa mtupu.

Karatasi inayookoa muda

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hutumika kueleza kwa nini wajawazito hufa kwa sababu zinazozuilika. Walionyesha kwamba kifo hutanguliwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma inayofaa baada ya kufika. Barabara na gari la wagonjwa hupunguza ucheleweshaji wa pili, na dawa, damu na wataalamu hupunguza wa tatu. Lakini ule wa kwanza, unaotokea nyumbani, usiku, kati ya mwanamke, mumewe, mama mkwe na jirani, hupunguzwa hasa na maarifa waliyonayo watu hao kabla tatizo halijatokea.

Kwa Lusewa, ucheleweshaji wa kwanza una uzito wa pekee. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa kuliko zile za karibu hupewa rufaa kwenda Namtumbo, makao makuu ya wilaya, au Songea, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa inayofahamika kwa jina la HOMSO, au Peramiho, ng'ambo ya Songea, ambako hospitali ya misheni ya Wabenedikto imehudumia watu wa kusini kwa vizazi kadhaa. Sehemu za kusini za wilaya zimo pia katika ushoroba wa wanyamapori, yaani njia ya asili ambayo tembo na wanyama wengine hupita kati ya hifadhi za Tanzania na ile ya Niassa nchini Msumbiji, jambo linaloifanya safari ya usiku kuwa na hatari zake. Pale safari inapokuwa ndefu, saa mbili zilizopotea nyumbani kwa kubishana kama damu inayotoka ni ya kawaida au la haziwezi kufidiwa na mwendo wa gari.

Taifa zima limepiga hatua katika eneo hili. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria vifo 104. Mafanikio hayo yana wazazi wengi, wakiwemo vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, na mfumo wa dharura wa m-mama unaoita usafiri wa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga kwa namba 115 isiyotozwa malipo. Hata hivyo namba ya simu huokoa tu pale aliye karibu na mgonjwa anapoijua, na anapojua pia kwamba alichokiona ndicho hasa kilichokusudiwa kwa namba hiyo.

Ujauzito: mengi yamesemwa, machache yameeleweka

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito akutane na mtaalamu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na Tanzania imeupokea mwongozo huo badala ya ule wa zamani wa mahudhurio manne. Mantiki yake inafaa kuelezwa kwa mwanamke mwenyewe na si kubaki katika kabati la mganga mfawidhi. Hudhurio la mapema huwezesha kaswende na virusi vya UKIMWI kugunduliwa na kutibiwa kabla mtoto hajadhurika, huwezesha upungufu wa damu kurekebishwa wakati muda ungalipo, na huipa tarehe ya kujifungua usahihi ambao hauwezi kupatikana mimba ikishakua. Mahudhurio ya karibu karibu ya miezi ya mwisho nayo yana sababu yake, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo shinikizo la damu hupanda kwa siri na kuleta kifafa cha mimba, yaani degedege linalompata mjamzito au mama aliyejifungua karibuni.

Mfano wa vidonge unaonyesha umbali uliopo kati ya agizo na maelezo. Mjamzito hupewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, vinavyojulikana vijijini kama vidonge vya kuongeza damu, akiambiwa ameze kimoja kila siku. Asipoelezwa kwamba choo kitakuwa cheusi, kwamba kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa wakati wa kulala, na kwamba chai inywewayo pamoja na kidonge huzuia madini chuma kuingia mwilini, ana kila sababu ya kuviacha baada ya wiki moja. Ndivyo ilivyo pia kwa dozi za SP, dawa inayotolewa kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba ili kukinga malaria. Mwanamke asiyejisikia mgonjwa hushangaa kupewa dawa ya malaria, mpaka afahamishwe kwamba vimelea vinaweza kujificha katika kondo la nyuma, kiungo kinachomlisha mtoto tumboni, bila mama kupata homa, na kwamba matokeo yake ni mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Dalili za hatari nazo hazina budi kuwa maarifa ya nyumba nzima. Kutokwa damu ukeni hata kama ni kidogo, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, mtoto kupunguza au kuacha kucheza, na chupa ya uzazi kupasuka kabla ya wakati, yote hayo yanamtaka mjamzito aende kituoni siku ileile. Baada ya kujifungua, kutokwa damu nyingi ndiyo hatari inayokwenda kasi kuliko zote, na huweza kuua ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo maelezo yake yanapaswa kumfikia atakayekuwa na mama saa hizo, kwa kuwa anayepoteza damu hawezi kutegemewa kuyakumbuka.

Tanzania imewahi kujaribu kulipeleka somo hili moja kwa moja mkononi mwa mama. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilimwezesha mjamzito, mwenza wake au jamaa yake kutuma neno «mtoto» kwenda namba 15001 bila malipo, kisha kupokea ujumbe mfupi wa Kiswahili uliofuata umri wa mimba. Ubora wa mpango huo ulikuwa katika wakati: maelezo kuhusu chandarua yalifika mapema, na maandalizi ya kujifungua, kama fedha ya nauli, mtu wa kumsindikiza mama na mtu wa kubaki na watoto, yalifika pale yalipokaribia kuhitajika. Nchini Kenya shirika la Jacaranda Health linaendesha huduma ya PROMPTS, ambayo humruhusu mama kujibu na kuuliza swali, na Afrika Kusini ilizindua MomConnect mwaka 2014 kwa lengo linalofanana.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Zanzibar, nao una onyo ndani yake. Kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti wakishirikiana na mamlaka za afya za Unguja waliwafuatilia wajawazito 2,550 katika vituo 24, nusu ya vituo hivyo vikitumia ujumbe mfupi wa simu pamoja na vocha ya muda wa maongezi iliyomwezesha mama kumpigia mhudumu. Katika vituo vilivyotumia simu, asilimia 44 ya kina mama walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 31 katika vituo vingine, na asilimia 60 walijifungua mikononi mwa mtaalamu, ikilinganishwa na asilimia 47. Hata hivyo ongezeko la kujifungua kwa mtaalamu lilionekana wazi kwa wanawake wa mjini, na halikuonekana kwa wale wa shamba. Fundisho lake kwa kata kama Lusewa ni kwamba ujumbe wa simu ukiachwa peke yake hauvuki mahali palipokosa nauli, mtandao na mtu wa kuuliza. Huko hauna budi kuambatana na karatasi inayoshikika na mtu anayetembea nyumba kwa nyumba.

Mlango wa kizazi: hofu ya chumba cha uchunguzi

Saratani ya mlango wa kizazi, yaani ya shingo nyembamba inayounganisha mfuko wa uzazi na uke, ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake miongoni mwa saratani zote nchini Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja. Husababishwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kabla ya mabadiliko madogo kugeuka kuwa saratani, muda ambao uchunguzi rahisi unaweza kuyakuta na kuyaondoa. Chanjo ya kukinga kirusi hicho ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa umri wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukabadilishwa ili msichana wa umri wa miaka 9 hadi 14 apate dozi moja tu.

Uchunguzi unaotumika zaidi katika vituo vya kawaida hufanywa kwa siki iliyozimuliwa. Mtaalamu hutumia kifaa maalumu kuufungua uke, hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe, na mara nyingi huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa baridi kali au kwa joto. Unapendekezwa hasa kwa wanawake wa umri wa miaka 30 hadi 50, kila baada ya miaka mitatu matokeo yakiwa mazuri, na kila mwaka kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Maelezo hayo mafupi ndiyo mara nyingi hukosekana katika matangazo yanayowataka wanawake wajitokeze kupima. Bango huitaja saratani, huitaja tarehe ya zoezi na huitaja huduma kuwa bure, lakini haliwaambii kwamba kizazi hakitolewi wakati wa kupima, kwamba hakuna kisu, kwamba mwanamke ana haki ya kuomba mtoa huduma wa kike au kuwa na msindikizaji, kwamba anaweza kusema «subiri» na mtoa huduma akasubiri, wala kwamba sehemu nyeupe haimaanishi saratani. Hofu isiyojibiwa huwa na nguvu kuliko tangazo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kufikisha miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya wenye ugonjwa wawe wametibiwa. Lengo la katikati ndilo linalotegemea maelezo kuliko yote, kwa sababu mwanamke mzima asiyeumwa haletwi kituoni na kitu kingine isipokuwa kuelewa kwake.

Kundi la maradhi yanayofichwa kwa aibu lina uhitaji uleule. Fistula ya uzazi, ambayo ni tundu linaloachwa na uchungu pingamizi kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, humfanya mama avujwe mkojo au kinyesi bila kujizuia, na wengi huamini ni mkosi usio na tiba, ilhali hurekebishwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutoa tiba hiyo bila malipo, na tangu mwaka 2009 imekuwa ikituma nauli kwa njia ya simu ili mgonjwa wa mbali aweze kusafiri. Kushuka kwa kizazi, tatizo la misuli ya nyonga kulegea hadi mfuko wa uzazi ukateremka ukeni, nako kuna tiba, iwe ni mazoezi, pete maalumu ya kukiegemeza, au upasuaji; mwanamke aliyezaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito ya shamba anapaswa kuyajua haya kabla ya kuzoea kuteseka.

Ukomo wa hedhi: ukurasa mtupu

Utafiti wa afya na idadi ya watu, ambao ndio kioo kikuu ambacho nchi hujitazamia, huwahoji wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Umri huo umechaguliwa kwa sababu ya uzazi, na matokeo yake ni kwamba mwanamke hutoka katika hesabu wakati uleule mwili wake unapoingia katika mabadiliko makubwa kuliko yote tangu alipovunja ungo.

Ukomo wa hedhi hutambuliwa pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Kwa walio wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55, ovari, yaani viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi, zinapopunguza na hatimaye kuacha kutengeneza homoni ya estrojeni. Unapotokea kabla ya miaka 40 unahitaji uchunguzi wa daktari. Kipindi kinachoutangulia huweza kuchukua miaka kadhaa, hedhi ikija bila mpangilio, huku mwanamke akipata joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, moyo kudunda, kubadilika kwa hisia, na ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa liwe na maumivu. Baadaye mifupa hupungua uimara na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka.

Katika eneo lenye malaria, kutojua haya kuna gharama. Jasho la usiku na joto la mwili hufanana na homa, na mwanamke anaweza kumeza dawa za malaria mara kwa mara bila kipimo, ilhali kipimo cha haraka cha damu kingemwonyesha kwamba hana vimelea. Kwa upande mwingine, jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi na kupungua uzito linapaswa kuchunguzwa kama dalili ya kifua kikuu, si kuachiwa umri. Karatasi nzuri ya ukomo wa hedhi ingetofautisha hali hizo kwa sentensi chache. Ingesema pia mambo mawili ambayo kutojulikana kwake huleta madhara makubwa: la kwanza, kwamba mwanamke ambaye hedhi yake imeanza kuruka bado anaweza kushika mimba, na kwa hiyo anashauriwa kuendelea na uzazi wa mpango mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho akiwa amevuka miaka 50, au miaka miwili akiwa chini ya umri huo; la pili, kwamba damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, haitokani na ujana kurudi, bali ni dalili inayohitaji uchunguzi haraka, kwa sababu inaweza kuwa ya saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake.

Historia ya tiba ya homoni inafundisha jinsi taarifa pungufu inavyoweza kudhuru hata katika nchi tajiri. Mwaka 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba wanawake waliotumia homoni mbili kwa pamoja walipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao. Magazeti yalitangaza ongezeko la asilimia 26, na wanawake wengi duniani wakaacha dawa. Hesabu kamili ilikuwa kwamba kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka, 38 walipata saratani hiyo wakiwa kwenye dawa na 30 bila dawa, yaani tofauti ya wanawake wanane, na wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao wakiwa wameshavuka kwa mbali umri ambao tiba hiyo kwa kawaida huanzwa. Takwimu zote mbili zilikuwa za kweli, lakini moja tu ndiyo iliyomwezesha mwanamke kupima jambo kwa akili yake, na hiyo ndiyo aina ya hesabu inayopaswa kuandikwa katika maelezo ya mgonjwa popote pale.

Kabla ya kipeperushi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kusini mwa Ruvuma hakukuwa na elimu ya mwili wa mwanamke kabla ya zahanati. Wayao, ambao pamoja na Wandendeule na Wangoni ni miongoni mwa jamii za Namtumbo na maeneo jirani, waliandikwa na wataalamu wa mila katika karne ya 20 kuwa na unyago wa wasichana pamoja na sherehe nyingine, iitwayo litiwo, aliyofanyiwa mwanamke aliyebeba mimba ya kwanza, ambamo wanawake wazima walimpa mafunzo ya hali yake mpya. Yapo ndani ya mila hizo mambo ambayo tiba ya leo haiyakubali, lakini muundo wake ulikuwa na hekima: somo lilitolewa kwa wakati wake, na mtu anayeaminika, mbele ya wanawake wengine watakaokumbuka kwa niaba ya mfundwa. Kungwi aliyepewa bango kitita, yaani kitabu kikubwa cha picha chenye maelezo nyuma yake, na kufundishwa dalili za hatari, anaweza kufika mahali ambapo kipeperushi hakifiki.

Taifa nalo lina kumbukumbu yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya takriban watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusomea, na kila kipindi kikifuatwa na majadiliano na kazi ya mikono, kama kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Nguvu ya kampeni hiyo ilitokana na kuunganisha sauti, maandishi na mazungumzo, jambo ambalo mipango mingi ya baadaye imeligawa vipandevipande. Mkoa wa Ruvuma wenyewe una urithi wa uchapaji, kwa kuwa kiwanda cha chapa cha Peramiho kilisambaza vitabu na magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi, na kitabu cha David Werner kilichotolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari kilithibitisha kwamba tiba inaweza kuelezwa kwa michoro na maneno ya kawaida bila kupoteza usahihi.

Maelezo mazuri yanavyotengenezwa

Lugha ndiyo mtihani wa kwanza. Sentensi kama «mama mjamzito anashauriwa kuhudhuria katika kituo cha kutolea huduma za afya endapo atabaini uwepo wa viashiria hatarishi» ni sanifu kisarufi lakini haimwambii msomaji afanye nini, lini, wala kwa sababu ya kitu gani. Maana ileile ingesomeka hivi: «Ukiona damu, hata kidogo, nenda kituoni leo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Piga 115.» Mwandishi wa maelezo ya afya hana budi kuchagua sentensi ya aina ya pili, kutumia majina ya viungo ambayo wanawake wenyewe huyatumia bila kuona haya, na kuandika kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu wa miaka 55 asiye na miwani.

Mtihani wa pili ni msomaji mwenyewe. Rasimu inapaswa kusomwa na wanawake wachache wa kijijini, kisha waombwe waeleze kwa maneno yao walichoelewa na watakachofanya. Pale wanapokosea, kosa ni la karatasi, si lao. Wapo watakaoelewa zaidi jambo likisemwa Kiyao au Kindendeule, na kwa hao picha na sauti ndizo zitakazobeba maana. Mtihani wa tatu ni uwezekano: maelezo yanayomtaka mwanamke ale vyakula visivyouzwa Lusewa, au aende kwa mtaalamu bila kutajiwa ngazi za rufaa, humwachia hatia mahali alipohitaji msaada. Kila karatasi itaje hatua inayowezekana katika zahanati ya karibu, hatua inayofuata Namtumbo au Songea, na namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo mwananchi anaweza kuipigia bila malipo kuuliza.

Watu wa kuifikisha wapo, au wanaandaliwa. Januari 31, 2024, Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaokusudia kuwaandaa na kuwapeleka katika vitongoji na mitaa wahudumu 137,294 kwa muda wa miaka mitano. Zanzibar, kupitia mpango wake wa Jamii ni Afya, imekwisha kuonyesha kwamba mhudumu wa kujitolea mwenye programu ya simu inayomwongoza hatua kwa hatua anaweza kumtembelea mjamzito na mtoto nyumbani na kutoa maelezo yaleyale kwa kila kaya. Kinachobaki ni kuongeza katika mkoba wa mhudumu huyo karatasi za mwanamke asiye mjamzito: moja ya uchunguzi wa mlango wa kizazi, moja ya fistula na kushuka kwa kizazi, na moja ya ukomo wa hedhi.

Japani ilianza kuwapa wajawazito kijitabu cha kumbukumbu mwaka 1942, na mwaka 1948 ikakigeuza kuwa kijitabu cha mama na mtoto ambacho nchi nyingi zimekiiga, Kenya ikiwa mojawapo. Wazo la kumkabidhi mwanamke taarifa zake mwenyewe lilikuwa uamuzi wa kiutawala uliogharimu karatasi na wino, na uamuzi kama huo unaweza kufanywa kwa hatua ndogo katika halmashauri ya wilaya. Siku za kliniki ya watoto, wanaofika kituoni si kina mama vijana peke yao. Wapo pia bibi waliobeba wajukuu, wanawake wa umri wa miaka 45 hadi 60, waliokaa kwenye benchi kwa saa kadhaa wakisubiri mtoto apimwe uzito na kuchanjwa, na ambao hakuna anayewauliza habari za afya yao. Kuwakabidhi karatasi moja, kuisoma pamoja nao kwa dakika 10, na kuwapangia siku ya uchunguzi hakuhitaji jengo jipya wala safari ya ziada, kwa kuwa wamekwisha kufika.